Mkaguzi Hafagii

Mama Tochi alirudi kutoka kwa wateja wake wa kufulia akamkuta mume wake amesimama juu ya kiti, anakwangua dirisha la chumba cha mtoto kwa kisu chake cha kazi. Maganda ya rangi ya kijani yalikuwa yanadondoka kama majani makavu, na vumbi jepesi lilielea kwenye mwanga wa jua la alasiri. Mjukuu wao waliyemlea, Chembe, ambaye alikuwa hajafikia umri wa shule, alikuwa amechuchumaa sakafuni anachora nyumba kwa kidole juu ya vumbi lile.

"Karibu, mheshimiwa mkaguzi," Fundi alisema bila kugeuka. "Usitie neno. Jumamosi huyo Mwalimu wako akiingia humu, nataka aulize kama hii ni nyumba au ni hoteli."

"Sijasema kitu."

"Macho yako yanasema. Nayasikia mgongoni."

Bibi, mama yake Fundi, alikuwa kwenye kigoda karibu na mlango. Macho yake yalikuwa yamefifia miaka mingi, lakini masikio yalikuwa bado yanafanya kazi ya watu wawili. "Tangu mchana anakwaruza kama panya," alisema. "Mkaza mwanangu, hebu niambie, mtihani ni wako au ni wake?"

"Ni wetu sote, Mama."

"Basi mimi nimeshafeli. Sioni hata huo ukuta."

Walicheka, na Fundi akacheka kuliko wote. Alikuwa fundi rangi tangu ujana wake, na hakuna kitu kilichomtia aibu kama rangi iliyobanduka ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mke wake alikuwa anasomea ukaguzi wa usalama wa nyumba, darasa la jioni. Mkaguzi wa namna hiyo huingia katika nyumba ya watu na kutafuta kila kinachoweza kuwadhuru, kuanzia waya ulio wazi na moshi usio na pa kutokea mpaka ngazi iliyooza. Halmashauri ilikuwa imetangaza kwamba nyumba za kupangisha zitakaguliwa, na kazi hiyo itapewa wenye cheti. Mikono ya Mama Tochi ilikuwa imepasuka kwa sabuni, na umri wake ulikuwa unatosha kuwazaa nusu ya wanadarasa wenzake. Hao ndio waliompa jina la Tochi, kwa sababu tochi haikutoka mkononi mwake.

Mtihani wa mwisho haukuwa wa karatasi. Kila mwanafunzi angekagua nyumba yake mwenyewe mbele ya Mwalimu, kisha amweleze mwenye kaya, uso kwa uso, kila alichokiona. Mwalimu aliamini kwamba mtu asiyeweza kumwambia ukweli mtu wa nyumbani kwake hataweza kumwambia mgeni.

"Asante, Fundi," Mama Tochi alisema akitazama fremu ya dirisha, ambayo sasa ilikuwa mbao tupu, laini. Aliisema kwa moyo wake wote. Tochi ilikuwa mkononi na hakuona kitu.

Fundi alishuka akaenda kupiga magoti mlangoni, maana saa ya mchezo ilikuwa imefika. Kila alipomaliza kazi, kabla hajavua ovaroli, Chembe alichukua mwiko mkuukuu na kumchapa mgongoni kama mtu anayekung'uta mkeka.

"Mwizi! Toa vumbi!"

"Nakufa, jamani! Nisaidieni!"

"Toa lote!"

Vumbi lilipanda, na Chembe akacheka mpaka akapata kwikwi. Siku hizi kicheko chake kilikuwa adimu. Alikuwa anakataa chakula, anashika tumbo, anaanza neno na kuliacha katikati. Kwa hiyo mchezo ule hakuna aliyethubutu kuuzuia. Ulipokwisha, Fundi alivua ovaroli akaitundika kwenye msumari juu ya kitanda cha mtoto. Chembe mwenyewe ndiye aliyetaka hivyo. Alisema chumba kikinukia babu, usingizi unakuja upesi.

 

Jioni iliyofuata Mwalimu aliingia darasani na ndoo yake ya plastiki. Alikuwa mama mfupi aliyewahi kuwa muuguzi, na kila somo lake lilitoka ndani ya ndoo ile. Safari hii alitoa kichupa cha kioo chenye maganda ya rangi, akakipitisha dawati kwa dawati.

"Nani anajua hii ina ladha gani?"

"Mwalimu," alijibu kijana mmoja fundi umeme, "maisha ni magumu, lakini hatujafika huko."

Darasa likacheka. Mwalimu alisubiri wamalize.

"Ni tamu," alisema. "Rangi nyingi za mafuta za zamani zilitiwa madini ya risasi. Mtoto akilamba mara moja, anarudi. Wala hahitaji kula ganda zima. Vumbi lake likikaa sakafuni na mtoto akashika sakafu, kisha akatia kidole mdomoni, imetosha. Tumbo linauma, chakula hakipandi, maneno yanachelewa. Mama anasema ni minyoo. Hata muuguzi anaweza kusema ni minyoo. Mimi niliwahi kusema."

Mama Tochi aliacha kuandika. Kidole cha Chembe kilikuwa kimemjia machoni, kikichora nyumba.

Aliinua mkono. "Mwalimu, samahani. Hilo vumbi likishaingia, limeingiaje? Kama nyumba yenyewe si ya zamani sana?"

"Swali zuri. Huletwa. Mtu anafanya kazi mahali penye rangi ya zamani, anaikwangua ikiwa kavu, anarudi nalo kwenye nguo, kwenye nywele, kwenye viatu."

"Na mwenyewe anajua?"

"Hajui. Anajua tu kwamba amechoka na kazi."

Kabla hawajatawanyika Mwalimu alirudia kanuni ambayo walikuwa wameisikia tangu siku ya kwanza: "Mkaguzi hafagii, hafichi, hapatanishi. Anaona na anasema. Kufagia ni baadaye."

Fundi alikuwa anamsubiri nje kama kila jioni, amelishika kwa mikono miwili begi la mke wake la nguo za wateja. Njiani alimsimulia kichekesho kilichotokea kazini, kwenye nyumba za zamani za watumishi ambako kundi lao lilikuwa limekwangua kuta mwezi mzima. Mama Tochi alicheka mahali pa kucheka. Alikuwa anamtazama mabega.

 

Ijumaa hakwenda kwa wateja. Alingoja Fundi aondoke, akamkalisha Chembe uani na ndoo ya maji ya kuchezea, kisha akaingia chumbani, akafunga pazia na kulala kifudifudi. Tochi aliilaza sakafuni, mwanga upite ubavuni kama walivyofundishwa.

Sakafu aliyokuwa ameifagia mwenyewe asubuhi ilibadilika. Kila punje ilitoa kivuli chake. Palikuwa na njia ya vumbi. Ilianzia mlangoni, mahali pa magoti ya Fundi, ikapita ukutani, ikafika chini ya msumari, ikapanda kwenye ukingo wa kitanda. Chini ya dirisha lililokwanguliwa ilikuwa nene kuliko kwingine. Alilowesha kitambaa cheupe na kupangusa penye vidole vya Chembe. Kilirudi na rangi ya kijivu iliyochanganyika na kijani. Akakikunja upande wa pili, akapangusa tena. Kwa muda akasahau kuogopa. Alitaka tu kujua njia inakwenda wapi, kama mtu anayefuata nyayo za mnyama porini.

"Unatafuta sindano?" Bibi aliuliza kutoka kwenye kigoda chake.

"Natafuta kilichoingia, Mama."

"Na ukikipata?"

Mama Tochi alisogeza tochi mbele kidogo.

"Mimi sioni," Bibi alisema, "ila mtoto akilia tumbo nasikia. Tumempa dawa ya minyoo mpaka minyoo yenyewe sasa inatuonea huruma. Kama umepata kitu, usikifunike."

Njia haikuishia kitandani, kama alivyokuwa anatumaini. Ilitoka tena, hafifu, ikaelekea mlango wa nyuma, ikafika uani, kwenye beseni lake mwenyewe. Hapo ndipo alipoifua ovaroli kila wiki. Maji yakiwa bado na povu, hakuona sababu ya kuyamwaga. Aliyatumia kufulia shuka za Chembe.



Aliamua kumwambia Fundi jioni hiyo, kabla ya Mwalimu, kwa upole, mtu na mumewe. Aliyapanga maneno wakati anapanga vyombo. Lakini Fundi alirudi ameficha kitu nyuma ya mgongo, anatabasamu kama kijana aliyekuja kuposa.

"Fumba macho."

Ulikuwa ubao wa kuandikia, uliolainishwa vizuri, wenye kibano juu, na kwa maandishi ya dhahabu, yale aliyowaandikia wenye maduka, palikuwa na neno moja: MKAGUZI.

"Nimeuandika wakati wa mapumziko," alisema. "Wenzangu wakaniuliza, mkeo atakuwa bosi? Nikawaambia, kwani leo ni nani?"

Maneno yote aliyoyapanga yalivunjika. Alisema asante. Fundi akapiga magoti mlangoni, Chembe akakimbilia mwiko.

"Chembe, njoo uoge kwanza."

"Nimchape babu!"

"Leo hapana. Njoo."

Mtoto akaangua kilio. Fundi alibaki vilevile, ameinama, mgongo tayari, kama mtu aliyesahauliwa katikati ya sala. "Leo nimekosa nini?" aliuliza.

"Hujakosa. Nataka tu sakafu ibaki safi kwa ajili ya kesho."

Ulikuwa uongo, na Bibi akamvuta mtoto kwake. Mtoto akalala kitandani kwa Bibi. Ovaroli Mama Tochi aliichukua kwa ncha za vidole, akaitia ndani ya mfuko wa plastiki na kuuacha uani.

Kulipopambazuka alipiga magoti kabla ya wote. Alikuwa na mazoea ya kuomba mambo mengi kwa mpangilio, kuanzia kwa wagonjwa na kuishia kwa wateja wasiolipa. Siku hiyo aliomba moja. "Mungu wangu, cheti sikuombi. Nipe mdomo."

 

Mwalimu alikataa chai. "Nikinywa chai yenu nitawaonea haya," alisema, akaketi. Fundi alikuwa amevaa shati la kwendea ibadani. Alimwonyesha Mwalimu dirisha hata kabla ya kuulizwa, akapitisha kiganja juu ya mbao.

"Pitisha na wewe mkono, Mwalimu. Hutoki na kibanzi."

"Nimeona, ndugu yangu. Leo mimi ni masikio tu."

Mama Tochi alianza jikoni. Kwa mujibu wa utaratibu alipaswa kuzungumza kama mgeni, na sauti yake ilimshangaza mwenyewe. "Soketi hii imelegea, mwenye kaya. Isitumike mpaka ibadilishwe. Jiko la mkaa huwashwa ndani dirisha likiwa limefungwa. Liwashiwe nje."

"Mwenye kaya ndiye nani?" Bibi aliuliza.

"Ni mwanao, Mama."

"Ahaa. Makubwa. Endelea."

Waliingia chumba cha mtoto, na Fundi akaweka tena kiganja juu ya fremu ya dirisha. Mama Tochi aliushika ubao kifuani, na maandishi ya dhahabu yakawa yanamtazama Fundi. 

"Katika chumba hiki kuna vumbi la rangi ya zamani, yenye dalili zote za madini ya risasi."

"Risasi?" Bibi alishtuka. "Mwanangu hajawahi kushika hata manati!"

"Ni madini, Mama. Yamo ndani ya rangi." Hakuthubutu kusimama, maana angesimama asingeanza tena. "Mwenye kaya hufanya kazi ya kukwangua rangi. Hurudi na ovaroli. Mtoto huikung'uta kwa mchezo mlangoni. Ovaroli huning'inizwa juu ya kitanda chake. Mke wa mwenye kaya huifua, kisha hufua shuka za mtoto kwa maji yaleyale. Wiki hii dirisha hili lilikwanguliwa likiwa kavu, mtoto akiwa chini yake. Mtoto ana maumivu ya tumbo, hali chakula vizuri, na maneno yamepungua. Apimwe damu. Mwenye kaya pia apimwe."

Fundi alibaki na kiganja juu ya fremu. Tabasamu lilikuwa bado usoni, limesahauliwa pale.

"Kumbe hiki ndicho ulichokuwa unasomea," alisema. "Mimi nasimama nje na begi lako jioni kwa jioni, wewe ndani unasomea kunisema. Mbele ya mgeni. Kwamba namlisha mjukuu wangu sumu."

"Fundi..."

"Usiniite Fundi. Niite mwenye kaya." Akamgeukia Mwalimu. "Wewe msomi, sema. Ni kweli?"

"Leo sisemi mimi," Mwalimu alijibu taratibu. "Anasema mkaguzi."

"Mkaguzi amemaliza," Mama Tochi alisema, akauweka ubao kitandani. "Sasa anasema mke wako. Jana nilitaka kukwambia, ukaja na huu ubao, nikashindwa. Na beseni ni langu, Fundi. Kila wiki. Mimi ndiye dobi, watu wananilipa niwasafishie, na shuka za mtoto wetu nimezifulia ndani ya vumbi. Hukulibeba peke yako."

 Uani Chembe alikuwa anaimba wimbo wa neno moja. Fundi alitazama vidole vyake, akavisugua kimoja kwa kingine, polepole, kama anapima unga.

"Hiyo risasi," alisema mwishoni. "Ina ladha?"

"Ni tamu," mke wake alijibu.

Fundi aliketi kwenye kitanda kidogo, magoti yakamfika karibu na kidevu.

"Nikipiga msasa kutwa nzima," alisema, "nikija kunywa maji, mdomoni yana utamu. Nimeuhisi miaka yote. Nilidhani ni uchovu. Wakati mwingine nilidhani..." Alicheka kidogo, kicheko kisichokuwa na kitu ndani. "Nilidhani Mungu ananipooza, kwa kuwa kazi ni ngumu."

Bibi alipapasa ukuta mpaka akamfikia, akaweka mkono juu ya kichwa chake chenye mvi. "Nywele zako ziliwahi kunikwaruza viganja," alisema. "Nikawa nasema, mwanangu anazeeka vibaya."

Mwalimu alisogea karibu. Aliwapa muda wa kutosha, kisha akauliza, "Mkaguzi, umemaliza nyumba yote?"

"Nimemaliza."

Mwalimu alitoka akaenda uani, Mama Tochi nyuma yake. Nyuma ya beseni, kwenye tofali, palikuwa na chupa ya juisi iliyojaa kimiminika cha manjano hafifu. Aliifungua, akainusa kwa mbali, akamwinulia mkaguzi aione. Ilikuwa dawa ya kutolea madoa, ambayo Mama Tochi alinunua kwa kupimiwa. Pale ilipokuwa, mkono wa Chembe uliifikia bila kunyooka.

"Mama yangu!" Mama Tochi alishika kinywa.

"Ulichokisema leo," Mwalimu alisema, "nimewaona wenye vyeti wakikizunguka. Lakini chupa ni chupa. Kitu kimoja kikibaki kwenye mkono wa mtoto, mkaguzi hajapita. Utarudia na kundi lijalo."

Machozi yaliyokuwa yamesubiri tangu asubuhi yakamtoka Mama Tochi. Fundi alikuwa amesimama mlangoni. Alitazama chupa, akamtazama mke wake, na kitu usoni mwake kikalegea.

"Mwenye kaya anauliza," alisema, "je, na hii ina ladha gani?"

"Acha utani wako," mke wake akalia, huku anacheka bila kutaka.

"Sina utani. Mfunge mtoto viatu. Tunakwenda kliniki."

 

Majibu yalikuja. Kiasi cha risasi kilichokuwa kwenye damu ya Chembe kilikuwa kikubwa kuliko inavyotakiwa, ila daktari alisema wamewahi. Vumbi likome, ale vizuri, arudi kupimwa mara kwa mara, na watakuja kuona. Kwamba watakuja kuona nini, hakusema. Damu ya Fundi ilikuwa na kiasi kikubwa zaidi. Alikipokea kikaratasi chake akakikunja kama mtu aliyepewa anachostahili.

Kazini aliomba ndoo ya maji ili kuta zilowekwe kabla ya kukwanguliwa, na mahali pa kuachia ovaroli. Wenzake walimcheka. "Fundi siku hizi anaoga kama bibi harusi!" Msimamizi alimwambia kwamba maji yanachelewesha kazi, na kwamba wenye haraka wako wengi barabarani. Fundi alichelewa, akakatwa mshahara, akaendelea kuchelewa. Baada ya muda mwenzake mmoja mwenye watoto wadogo alimfuata pembeni akamuuliza habari ya ule utamu mdomoni.

Nyumbani ovaroli haikuingia tena. Msumari ulihamishwa ukutani karibu na mlango, na ubao wa MKAGUZI ukatundikwa hapo kungoja kundi lijalo. Kila asubuhi Mama Tochi alipangusa sakafu kwa kitambaa kibichi, halafu akalala kifudifudi na tochi yake kuangalia. Njia ilikuwa inafifia, ingawa haikufutika yote kwa mara moja.

Jioni moja Fundi alirudi amevaa shati safi, nywele zikiwa bado na maji. Chembe, ambaye wiki hizo zote alikuwa amenyimwa mchezo, alikuwa ameketi kizingitini na mwiko mapajani. Fundi alimtazama mke wake. Mke wake akaitikia kwa kichwa. Basi akapiga magoti.

"Mwizi! Toa vumbi!"

Mwiko ulitua. Hakikutoka kitu. Chembe alichapa tena, kisha akasogeza pua karibu na shati, akachunguza kama mtu mzima.

"Babu, vumbi liko wapi?"

"Limekwisha."

"Lote?"

Fundi alifikiri. "Bado tunalitafuta," alisema.

Mtoto akatafakari jibu hilo, akaliona linafaa. Lakini palikuwa na kitu kingine ambacho hakikuwa sawa. "Mbona hulii?"

Fundi alikuwa amesahau sehemu yake. "Nakufa, jamani!" alipaza sauti. "Nisaidieni!" Neno la mwisho lilikatika mahali ambapo zamani halikukatika, na Bibi, kwenye kigoda, akageuza uso.

Chembe alicheka mpaka akapata kwikwi. Kisha akamnyooshea babu yake mkono ili amwinue. Fundi aliupokea, lakini kabla hajainuka alikigeuza kile kiganja kidogo kwenye mwanga wa mlangoni na kukitazama, kidole kimoja kimoja.

"Tochi," alimwita mke wake. "Hebu lete tochi."